Nani Atafungua Kilio

Nguo iliyotiwa wanga ina harufu yake pale pasi ya mkaa inapopita juu yake. Ni kama uji uliomwagikia jikoni ukaanza kuungua pembeni, ukichanganyika na moshi kidogo na sabuni kidogo. Watu wa siku hizi hawaijui sana, maana nguo zao zinatoka dukani zikiwa zimeshanyooka. Mimi naijua, na kila nikiisikia nasimama wima bila kupenda. Mikono inajirudisha yenyewe mgongoni, wa kushoto unaushika wa kulia, na sauti yangu inashuka. Magoti yangu ni mabovu na meno yamebaki ya kuhesabika, lakini bado nasimama hivyo, kama mjinga.

Ukikutana na mwanamke wa rika langu, iwe Mbeya au Iringa, kwenye foleni ya dawa au kwenye harusi ya mtu, akasema samahani kabla hajapita mbele yako, akanywa chai ya moto bila kuivuta kwa mdomo, akacheka huku amefunika meno kwa kiganja, muulize alisoma wapi. Mimi huwa siulizi. Tunatazamana tu, tunajuana.

Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu mara ya kwanza pamoja na dada yangu Agneta.

Kwetu kulikuwa milimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Iringa mjini, upande ule ambao ukungu hauondoki mpaka jua liwe limepanda, na mianzi imejaa kila bonde. Tulikuwa Wahehe. Padri alipenda kututania kwamba sisi ni Wakatoliki siku ya Jumapili na Wahehe siku zote zilizobaki. Baba alikuwa katekista, kwa hiyo utani huo haukumchekesha sana. Agneta ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza na mimi wa mwisho, na katikati yetu Mama alizaa wengine ambao hawakukaa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini Agneta alimaliza darasa la nane katika shule ya bweni ya wasichana, ya masista, huko Mbeya, akarudi nyumbani kungoja kuitwa kwenye ualimu.

Alirudi juu ya lori lililokuwa limepakia mpunga kutoka Chimala. Baba alinichukua twende kumpokea barabarani. Abiria wengine waliteremka wakiwa wekundu kwa vumbi, wananyoosha viuno na kulaani mashimo ya barabara. Dada yangu alishuka taratibu, akapangusa gauni lake jeupe lililokuwa limekauka kwa wanga mpaka linatoa sauti, akamshukuru dereva, akamshukuru utingo, akamshukuru hata mzee aliyekuwa amemkalia mguu njia nzima. Kisha akamwamkia Baba kwa sauti ndogo kiasi kwamba Baba aliinama akasema, "Unasemaje?"

Hilo ndilo lililokuwa neno la nyumba yetu kwa miezi ile. Unasemaje? Shuleni kwao palikuwa na sheria kwamba sauti ya msichana isivuke meza. Nyumbani hatukuwa na meza. Tulikula tumezunguka mafiga, moshi machoni, kila mtu akisema na kila mtu akimjibu mwenzake kabla hajamaliza. Agneta alikaa katikati ya kelele hizo mgongo umenyooka, akatafuna midomo imefungwa, na akiulizwa kama anataka kuongezewa alijibu, "Nimeshiba, asante," hata siku ambazo tumbo lake lilimsuta hadharani. Baba akiingia, alisimama. Jirani akiingia, alisimama. Siku moja aliingia mbuzi, na Agneta alikuwa ameshanyanyuka nusu kabla hajamtambua. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Mama alimwonea fahari na alimwonea wasiwasi, vyote pamoja. Lazima mwelewe kwamba kwetu watu waliongea kwa kuitana mlima hadi mlima. Ukitaka chumvi kwa jirani wa ng'ambo ya bonde, ulikuwa huendi. Uliweka viganja mdomoni ukaita, naye akakujibu, na kijiji kizima kikajua kwamba kwenu chumvi imekwisha. Siku moja Mama alikuwa analima shamba la ng'ambo, akanituma mapema nimwambie Agneta amwite chakula kikiiva. Chakula kilipoiva, Agneta alinawa mikono, akashuka bonde, akavuka kijito, akapanda mlima wa pili, akasimama mbele ya Mama mikono mgongoni, akasema, "Mama, chakula kiko tayari." Mama aliketi juu ya mpini wa jembe, akamtazama. Alicheka, ndiyo, lakini nakumbuka kicheko kile kiliisha kabla ya wakati wake. Akasema, "Mwanangu, siku mimi nikifa, nani atakusikia?"

Nililichukulia kuwa ni utani. Alikuwa mwanamke wa utani.

Hapo sina budi kueleza jambo ambalo wakati ule halikuhitaji kuelezwa. Kwetu mtu akifa, habari haikupelekwa na mjumbe. Ilipelekwa na sauti. Mama akifa, binti yake mkubwa ndiye aliyetoka mlangoni akafungua kilio. Alimwita mama yake kwa jina, akataja mambo yake, shamba lake, uji wake, ugomvi wake hata, kwa sauti yote aliyopewa. Wanawake wa mlima wa pili waliposikia walipokea, wa tatu wakapokea kutoka kwao, na jua lilipotoka watu walikuwa tayari njiani. Kabla binti hajafungua, hakuna aliyethubutu kulia. Ingekuwa kama kumnyang'anya mtoto mama yake. Na mama ambaye kilio chake hakikufunguliwa na mwanawe, watu walisema ameondoka kama mgeni, na kwamba huko aendako hakuna atakayejua kwamba alizaa.

Mama aliugua msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nayo mianzi ikitoa kwa wingi na mvua zikiwa hazina adabu. Kilikuwa kichomi. Tulidhani ni mafua ya baridi, halafu pumzi ikawa fupi. Baba alituma neno kwa bibi yetu, mama yake Mama, aliyekaa bonde la mbali, kwamba mwanawe amezidiwa na aje. Agneta alimuuguza vizuri sana, hilo hakuna aliyelikana hata baadaye. Alimgeuza, alimpangusa, alichemsha maji na kunawa kila mara kama walivyofundishwa. Hakulala. Na alfajiri moja nilipoamka alikuwa amesimama mlangoni mikono mgongoni, akimwambia Baba aliyekuwa uani, "Baba, Mama ametutoka."

Baba alisema, "Unasemaje?"

Akarudia. Kwa sauti ile ile.

Baba alikaa chini kwenye umande. Alingoja. Sasa najua alikuwa anangoja nini, na Agneta pia alijua, maana alibaki pale mlangoni akitazama milima muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kusikia mtu mwingine amelifanya. Alinawa uso, akavaa gauni lake la shule, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi. Aliamkia kwanza, kamwene, akauliza habari za asubuhi, akauliza na habari za watoto, ndipo akasema kwa upole kwamba amekuja kuwaarifu kuwa mama yake amefariki. Jirani mmoja aliyekuwa anatwanga alimwitikia vizuri akaendelea kutwanga, maana sauti na habari havikulingana. Mpaka mchi ulipokuwa juu hewani ndipo maneno yalipomfikia.

Watu walikuja mmoja mmoja, wakikanyaga polepole, wakichungulia kama watu waliokosea nyumba. Uwanja ulijaa. Wanawake walikuwa wamejifunga kaniki, tayari, na wote walimtazama Agneta. Yeye alikuwa anawapangia viti vya kukalia. Aliwashukuru kwa kuja.

Bibi alifika jua likiwa limeshapanda. Kutoka kwake mpaka kwetu unapita mgongo wa mlima, na ukiwa pale juu unasikia kila kitu cha uwanjani kwetu, hata kuku. Alisimama pale akasikiliza. Hakusikia kilio. Kwa hiyo alishuka ule mteremko akiwa na furaha, mzee yule, karibu anakimbia, na kwapani amebeba tetea mweupe amefungwa miguu, wa kumtengenezea mwanawe supu. Alitokea kwenye mianzi anatabasamu. Aliona watu wengi akadhani ni wa kumjulia hali mgonjwa.

Agneta alimpokea mlangoni mwa uwanja. "Kamwene, Bibi. Karibu. Pole na safari."

Bibi akauliza, "Ameamka? Amekula?"

"Hapana, Bibi. Amefariki alfajiri."

Sijui niwaelezeje uso ule. Tabasamu halikuondoka, lilisahaulika pale pale. Bibi alimweka tetea chini taratibu, akaangalia wanawake wote mmoja baada ya mwingine, wakainamisha vichwa. Halafu akauliza nani amefungua kilio. Akamshika Agneta mabega yote mawili. Bibi hakujua Kiswahili hata chembe, alisema Kihehe, na alikisema kama anavyosema mtu na mtoto anayejifunza kutembea. "Lia, mwanangu. Mwite mama yako. Anasubiri."

Agneta alifungua mdomo. Wote tuliona. Mdomo ulifunguka na mishipa ya shingo ikasimama, na hakikutoka kitu. Akaufunga. Akasema, "Siwezi, Bibi. Naomba unisamehe."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tetea. Alikuwa amelala ubavu, anapepesa macho, na nikamhurumia kwa kuwa atachinjwa. Halafu nikafikiri, lakini supu ni ya Mama. Halafu nikafikiri, Mama hanywi supu. Hapo ndipo ilipoingia. Nilipiga kelele nikamwita, nikamwita kwa jina lake la nyumbani ambalo watoto hatukuruhusiwa kulitaja, na kabla sijavuta pumzi ya pili uwanja wote ulipasuka, na ng'ambo ya bonde wakapokea, na mlima wa tatu ukapokea. Bibi alinibana kifuani mwake mpaka nikasikia sauti yake kwenye mifupa yangu. Nililia mpaka nikawa sina hata machozi, na wanawake walinipitisha mkono kwa mkono, wakisema kumbe amezaa, kumbe amezaa.

Baadaye, watu walipokuwa wanachimba kaburi, nilienda nyuma ya kihenge cha mahindi kukojoa, nikamkuta Agneta. Alikuwa ameshika mwamba wa kihenge, ameinama kidogo, mdomo wazi. Alikuwa anatoa sauti ndogo, kavu, kama mtu mwenye kwikwi, anaacha, anajaribu tena. Nilidhani amekaukwa koo. Nilikimbia jikoni nikamletea maji kwenye kata. Aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akanirudishia kata.

"Asante sana, Kristina," akasema.

Watu walisema, kama watu wanavyosema. Wengine walisema shule imemfanya mzungu. Wengine walisema mbaya zaidi, kwamba mtu asiyemlilia mama yake huenda anajua kilichomuua. Wakwe waliokuwa wameanza kuja kwa ajili yake hawakuja tena, na hawakutuma neno la sababu. Kisimani wanawake walimpisha achote kwanza, si kwa heshima. Agneta aliwashukuru. Barua ya kuitwa ualimu ilipofika aliondoka asubuhi yake, na baada ya mafunzo wakampeleka kufundisha shule ile ile aliyosoma. Kijijini hakurudi kukaa tena maisha yake yote.

Bibi hakumlaani, kama wengi walivyotarajia. Alimwambia Baba jambo moja tu: "Huyu mkubwa mmekwisha kuninyang'anya. Huyu mdogo niachieni, anililie mimi." Baba akakubali. Nikahamia bonde la Bibi, nikakaa naye katika moshi wake na ugoro wake. Aliniita Kilisita, maana jina lenyewe lilimshinda. Jioni alinituma niite watu wa ng'ambo hata pasipo na haja, ili kusikia tu kama sauti bado ipo. Nilikuwa na sauti, nawaambia. Ng'ombe walikuwa wanageuka.

Lakini Baba alikuwa katekista na alikuwa na ndoto zake, na Agneta alikuwa na mshahara. Walikubaliana wao wawili kwamba nisome. Agneta alikuja kunichukua akiwa amevaa gauni lenye wanga. Bibi alitusindikiza mpaka barabarani, akanisukumia mfuko wa mahindi ya kukaanga, akasema, "Nenda ukasome. Ila urudi na sauti yako." Nilimwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi kama kuahidi nitarudi na masikio yangu.

Shule haikuwa mbaya. Ingekuwa mbaya ningejua kuichukia. Tulikula, tulisoma, tulipendana, usiku baridi ya Mbeya ilipotubana tulilala wawili wawili. Sista Mkuu alikuwa mwanamke mpole, hakuwahi kumpiga mtu. Alikuwa tu akiinua kidole kimoja, na bweni zima linanyamaza, na baada ya muda huhitaji hata kidole. Na palikuwa na desturi ya barazani. Msichana akifiwa kwao, aliitwa barazani kwa Sista Mkuu, akaambiwa, akapewa kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Aliinywa yote amesimama, akasema, "Asante, Sista," akarudi darasani. Hatukumsemesha. Ilikuwa ndiyo heshima yetu kwake, kutomsemesha. Kusema kweli tulimwonea wivu wa sukari.

Niliitwa barazani mwaka wangu wa tatu. Agneta alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Sista. Niliambiwa kuhusu Bibi, nikanywa chai. Ilikuwa tamu sana. Nikasema, "Asante, Sista." Sista Mkuu alinipongeza, na jioni ile aliwaambia wasichana wadogo wajifunze kwangu jinsi ya kupokea msiba. Nilijisikia mkubwa. Lakini dada yangu alikuwa amenikodolea macho muda wote, na usoni mwake sikuona kuridhika.

Baada ya masomo alinichukua mpaka chumba cha kupigia pasi. Hapakuwa na mtu. Pasi zilikuwa zimewashwa, magauni yamerundikwa, harufu ya wanga imejaa. Alifunga mlango, akaziba na dirisha kwa shuka. Kisha akanishika mabega yote mawili.

"Lia, Kristina," akaniambia. "Hapa hakuna atakayekusikia. Mlilie Bibi."

Nilimwambia kweli, kwamba sijisikii kulia. Akanitikisa kidogo. Akasema, "Mwite hata kwa jina." Nilifungua mdomo ili kumridhisha. Niliona aibu, nikaufunga. Tulisimama hivyo mpaka mkaa ukaanza kupoa ndani ya pasi. Halafu Agneta alichukua gauni la juu kwenye rundo, akalinyunyizia maji, akaanza kupiga pasi, na mimi nikawa namkunjia. Alikuwa amewafundisha wasichana wengi kusimama wima, dada yangu, na nadhani siku ile alikuwa anatafuta mmoja tu ambaye somo halikumwingia.

Tulimzika Agneta mwaka huu, Mbeya, mvua zikianza. Hakuolewa, hakuzaa. Wanafunzi wake wa zamani walikuja kutoka kila upande, vikongwe kama mimi, na wote nguo zao zilikuwa zimetiwa wanga. Tulisimama mstari ulionyooka, mikono mgongoni. Mwenye duka jirani alipita akamwuliza kijana mlangoni kama ni mkutano wa kanisa na kama mgeni rasmi ameshafika. Nilisikia swali lile nikamwona Bibi yangu anashuka mlima na kuku wake.

Nilikuwa ndugu wa damu pekee aliyebaki. Kama kilio kilikuwa na mtu wa kukifungua, ni mimi. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikashika ukingo wa tangi la maji. Nilimwita Agneta moyoni kwanza, nikataja mambo yake, mbuzi, bonde alilolivuka ili kusema chakula kiko tayari, ile kata ya maji. Nikafungua mdomo. Ndipo nilipojua, baada ya miaka yote ile, kwamba siku ile nyuma ya kihenge hakuwa na kiu. Alikuwa anamlilia mama yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na zile ndizo zilizokuwa nguvu zote. Kwangu pia ilitoka ile ile, kavu, ndogo, isiyofika hata ukutani.

Nikasikia nyayo. Alikuwa mwenzangu mmoja wa bwenini, tuliyekuwa tunalala naye kwa ajili ya baridi. Alinitazama nilivyoinama, akaelewa kila kitu, naona, maana macho yake yalijaa. Akasimama karibu nami, akarudisha mikono mgongoni.

"Chai iko tayari," akasema, kwa sauti ambayo isingevuka meza.

Nikamwambia asante, tukaingia ndani kunywa.